Thina, asetoni na IPA ya mafundi simu: kipi kinafaa kuoshea eabrashi nyumbani

Ukitaka jibu bila maneno mengi, ni hili. Kwa kuoshea eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi, nunua IPA (pombe ya isopropili) wanayotumia mafundi simu, nunua chupa ya kioo ya kuoshea yenye kifuniko, na pesa itakayobaki itafutie barakoa ya katriji, yaani yenye vichujio vya mvuke. Thina inayochotwa kwenye dumu lisilo na lebo iache hukohuko dukani, hata muuzaji akikuapia. Mwenye muda asome mpaka chini, maana sababu zina faida kuliko alama nitakazotoa.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia kwenye shule ya sekondari hapa Dar. Jioni, watoto wakishakula, napaka rangi malori. Ni malori ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, skeli 1/24, na nazipenda zaidi Scania za Italeri kwa sababu ndizo nilizokua nikiziona zikipanda Kitonga kwa gia ya kwanza. Mume wangu huwaambia wageni kwamba mkewe ana malori mengi kuliko matajiri wa Tunduma, tatizo hakuna linalobeba hata debe la mchanga.

Eabrashi ninazo mbili. Moja haina jina, imetoka China, nozeli yake, yaani kijitundu cha kutokea rangi, ni 0.3 mm. Nyingine ni Iwata Neo CN ya 0.35 mm, aliyoniletea shemeji kutoka Dubai. Alileta eabrashi peke yake. Viyeyushi nilivyomwagiza vilibaki, kwa sababu kimiminika kinachowaka hakipandi ndege, si kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye begi la chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ninachokipima hapa ni kile ambacho mtu anakipata kwa miguu yake Kariakoo na Gerezani.

Kwa asiyekijua chombo chenyewe: ndani ya eabrashi kuna sindano ndefu inayokaa katikati ya nozeli. Ukivuta triga sindano inarudi nyuma, rangi inapita kwenye upenyo uliobaki, hewa ya kompresa inaivunja kuwa ukungu. Upenyo huo ni mdogo kiasi kwamba punje moja ya rangi iliyokauka inatosha kukufanya uone matone yakitapakaa juu ya mlango wa lori ambao umeupaka wiki nzima. Ndiyo maana watu wanakimbilia dawa kali. Nami natumia dawa kali, sikatai. Ninachobishia ni kuzitumia bila kujua ni nini.

Na hata kabla ya ukali, uliza kwanza rangi gani imo ndani. Rangi za maji kama za Vallejo zikiwa bado mbichi zinataka maji, basi. Ukizimwagia pombe au thina moja kwa moja zinaganda na kuvutika kama ute wa bamia, na hapo ndipo utakapojua maana ya nozeli kuziba. Suuza kwa maji mpaka yatoke meupe, halafu ndipo ulete kingine. Akriliki za Tamiya zina tabia tofauti, zenyewe zinayeyuka vizuri kwenye pombe. Rangi za laka, kama Mr. Color au zile za Tamiya zenye herufi LP, ndizo zinazodai thina ya laka au asetoni. Enameli zinatosheka na tapentaini. Ukilijua hilo, nusu ya ukali uliokuwa unautafuta huuhitaji.

Sasa tuingie dukani. Thina ya dumu kwanza, maana ndiyo kipenzi cha wengi. Gerezani na mitaa ya jirani maduka ya rangi za magari yamejaa, na mengi yanakupimia thina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. "Mama, hii kali, inatoa mpaka rangi ya gari." Ni kweli inatoa. Kwa kusafisha peke yake ningeipa tisa juu ya kumi: laka iliyolala usiku mzima kwenye nozeli inaachia ndani ya dakika chache, na bei yake ni ya chini kiasi kwamba kachupa kamoja ka dawa ya kigeni ni sawa na lita kadhaa za hii. Lakini kwa jumla naipa tatu.

Thina ni mchanganyiko. Ndani yake unaweza kukuta toluini, asetoni, esta za aina kadhaa, pombe za aina kadhaa, na mara nyingine methanoli, ile pombe inayoharibu mshipa wa jicho. Kila mchanganyaji ana vipimo vyake, na dumu la mwezi huu si lazima lifanane na la mwezi uliopita. Kama huna jina la kilichomo, huwezi kuchagua glovu, huwezi kuchagua katriji ya barakoa, huwezi kujua kama oringi zako, zile pete ndogo za kuzibia ndani ya eabrashi, zitapona, na huwezi kujua kama adui wako mkubwa ni moto au ni ubongo wako mwenyewe.

Nieleze hilo la mwisho kwa hesabu, ni hesabu ya kidato cha nne. Chumba changu ni mita 3 kwa 3, dari mita 2.7, yaani hewa ya lita 24,000 na ushee. Kuosha eabrashi vizuri kunakula kama mililita 5 za kiyeyushi. Mililita 5 za asetoni zikigeuka mvuke zote zinatoa karibu lita 1.7. Ukisambaa sawasawa chumba kizima unapata kama sehemu 70 kwa milioni. Mililita 5 za toluini zinatoa kama lita 1.2, yaani karibu sehemu 50 kwa milioni. Ukiishia hapo utasema toluini ni afadhali. Sasa angalia vipimo vya ACGIH, chama cha Marekani cha wataalamu wa afya za wafanyakazi: kwa wastani wa zamu ya saa 8, asetoni ni 250 kwa milioni, toluini ni 20. Kwa hiyo kiasi kilekile, chumba kilekile, cha kwanza kiko chini sana ya kikomo na cha pili kimekipita zaidi ya maradufu.

Najua mtu atasema hakai saa nane akiosha eabrashi. Sawa. Lakini pia mvuke hausubiri usambae chumba kizima ndipo uuvute. Unatoka kwenye kikombe kilicho chini ya pua yako, na hapo penye pua ni mwingi kuliko wastani wowote. Toluini inaingia kwenye mishipa ya fahamu: kichwa kinauma, unalewalewa, na pua inaizoea harufu mapema ukadhani imeisha. Mjamzito asiiguse kabisa.

Ukigeukia moto, mambo yanabadilika tena. Asetoni inatoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na inachemka kwenye nyuzi 56. Toluini mvuke wake unaanza kuwaka kwenye nyuzi 4 na kuchemka kwenye 111. Kwa joto la Dar zote mbili ziko tayari kuwaka saa yoyote, ila asetoni ndiyo inayojaa hewani haraka zaidi. Kwa hiyo mwenye asetoni aogope zaidi moto, mwenye toluini aogope zaidi pumzi. Mwenye dumu lisilo na jina aogope nini? Vyote, na kwa kipimo asichokijua.

Na hiyo chupa ya maji ya kunywa nayo. Kila anayefanya kazi karibu na hospitali ameshasikia habari ya mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akidhani ni maji. Thina ni hadithi ileile. Ikitokea, msimtapishe mtoto, maana kinachoua mara nyingi ni kile kinachoingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Mkimbizeni hospitali na chupa mkononi. Daktari atauliza kilichomo ni nini. Mtajibu nini, "thina ya Gerezani"?

Asetoni naipa saba. Zamani ilikuwa shida kuipata nje ya maabara. Asetoni na toluini zote zimo kwenye Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa sababu wanaotengeneza dawa hizo huzitumia, kwa hiyo kwa wauzaji wa kemikali za maabara utaulizwa karatasi. (Na tafadhali wanaoniandikia niwatolee kidogo stoo ya shule, jibu ni hapana, kuna leja.) Siku hizi suluhisho ni maduka ya vipodozi. Wanaobandika kucha za bandia wanaiuza kwa chupa ndogo za kuondolea kucha hizo. Soma lebo iseme asetoni tupu. Ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya matunda ina maji na mafuta ya kulainisha kucha, na mafuta hayo hayatakiwi ndani ya nozeli.

Kazi yake ni nzuri na inakauka bila kuacha kitu. Inachonipunguzia alama ni kwamba haina urafiki na vitu vingi. Vikombe vya plastiki nyembamba inaviyeyusha mezani ukiangalia. Ukidondosha tone kwenye mwili wa lori umelipoteza, kwa sababu plastiki ya modeli ni polistirini. Oringi nyeusi za mpira wa kawaida, ambazo eabrashi nyingi za bei rahisi wanazifunga, zinavimba zikilala humo, na triga inaanza kukwama. Oringi nyeupe za PTFE, yaani Tefloni, hazijali. Ndiyo maana sheria yangu ni moja: eabrashi nzima hailazwi kwenye kiyeyushi kikali, hata kwa dakika tano. Kinacholazwa ni chuma kitupu, yaani sindano, nozeli na kofia yake, kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye kifuniko.

Halafu kuna glovu. Hizi nyembamba za bluu za nitrili, zinazouzwa kwa boksi duka la dawa, watu wanazivaa wakidhani wamemaliza. Kwa IPA na tapentaini zinasaidia vizuri. Kwa asetoni zinapenya ndani ya muda mfupi sana, dakika moja au chini yake, na ubaya ni kwamba baada ya hapo glovu inakushikia asetoni kwenye ngozi badala ya kuizuia. Glovu ya kweli ya asetoni ni ya mpira wa butili, nene, na ukiivaa hutaweza kushika nozeli ya Iwata, kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Kwa hiyo natumia kibano na brashi ndogo, vidole haviingii kwenye kimiminika, na nitrili iliyorukiwa inavuliwa palepale. Za lateksi zisahau.

IPA ndiyo mshindi wangu, nane na nusu. Ukipita Kariakoo kwenye maduka yanayouza vifaa vya mafundi simu, utaikuta kwenye chupa za plastiki, imeandikwa 99% au 99.9%, wanasafishia bodi zilizoingia maji. Nilitamani mtu aniambie hilo mapema, ningeokoa viatu. Inayeyusha akriliki za Tamiya bila shida, inalainisha Vallejo iliyokwishakauka mpaka uweze kuisugua, na kwa enameli mbichi inajitahidi. Laka iliyokauka haiwezi, na hapo ndipo asetoni inapoitwa kwa dakika chache na kurudishwa kabatini. Kwenye oringi ni mpole. Kwa pumzi ni afadhali sana kuliko toluini. Inawaka, mvuke wake unashika moto kuanzia nyuzi 12, kwa hiyo usijidanganye kwamba ni ya kuchezea. Ila ina jina, ina asilimia, na nikijua hivyo viwili najua nivae nini. Nusu na moja nilizoitoa ni kwa sababu chupa nyingine zina lebo ya kuprintiwa dukani ambayo hata mimi siiamini. Jaribio langu ni rahisi: tone kwenye kioo safi, likikauka lisiache alama wala harufu ya kitu kingine.

Spiriti ya bluu inafanya kazi inayofanana na hiyo, lakini ina methanoli ndani yake, na haina sababu ya kuwepo mezani kwangu kama IPA ipo.

Dawa za kigeni zilizotengenezwa kwa ajili hii hasa sitazikalia sana. Thina ya laka ya Tamiya, ile ya kifuniko cha njano, ujazo wa mililita 250, ni nzuri kwa kuchanganyia rangi kuliko kuoshea. Kuoshea nayo ni ubadhirifu. Mr. Tool Cleaner ya GSI Creos ni kali kuliko hiyo na imetengenezwa kwa ajili ya kuoshea vifaa tu, usiichanganye kwenye rangi. Zote zina lebo inayosema kilichomo na zinauzwa na karatasi ya usalama unayoweza kuisoma mtandaoni. Ukizikuta, na mfuko ukiruhusu, nane. Airbrush Cleaner ya Vallejo ni kwa rangi za maji, haina harufu ya kutisha, na mwenye watoto anayepaka Vallejo peke yake hana haja ya kusoma makala haya yote, anunue hiyo na maji ya bomba.

Vipo ambavyo sivipi alama yoyote. Petroli, kwa sababu ina benzini na mvuke wake unawaka kwenye baridi ambayo Tanzania haijawahi kuiona. Dawa za kubandua rangi zenye dikloromethani, kwa sababu mwili unaigeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa chumbani. Umoja wa Ulaya na Marekani wameshazuia isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hiyo. Maji ya kusafishia vioo yenye amonia yanasifiwa sana na wenzetu wa nje, lakini mwili wa eabrashi ni shaba nyeupe iliyopakwa kromu, tuseme brasi kama mafundi wanavyoita, na amonia na brasi hawapatani. Jik ndiyo usiseme. Inakula kromu, ikikutana na amonia inatoa gesi inayochoma mapafu, ikikutana na asetoni inatengeneza klorofomu. Nimeona mtu akishauri "changanya vyote viwili upate nguvu mara mbili". Nguvu utaipata, ila siyo ya kuoshea.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo pesa yangu imefanya kazi kuliko kwenye vimiminika.

Chupa ya kuoshea. Ni kopo la kioo lenye kifuniko, kifuniko kina tundu la kuingizia pua ya eabrashi na upande mwingine kichujio cha sifongo. Unamwaga kiyeyushi kwenye kikombe cha eabrashi, unapulizia humo ndani badala ya hewani. Ya Iwata ipo, na za China zisizo na jina zipo kila mahali kwa bei ndogo zaidi. Nina ya China na naipa nane. Kioo chake ni kizito, hakipinduki. Mpira wa pale penye tundu ulianza kulegea kwa thina, nikaubadilisha na kipande nilichokata mwenyewe. Jambo moja uelewe: sifongo ile inakamata matone, haikamati mvuke. Mvuke unatoka kama kawaida. Chupa inakuokoa na ukungu wa kiyeyushi kutapakaa chumbani, ambao ndio hatari kubwa kwa moto na kwa mapafu, lakini haikuruhusu uvue barakoa.

Barakoa. Zile za Korona, na hata zile ngumu za vumbi, kwa mvuke ni mapambo. Unachotaka ni nusu uso ya mpira yenye katriji za mkaa maalumu. Mimi natumia ya 3M ya mfululizo wa 6000. Zipo saizi tatu, 6100 ndogo, 6200 ya kati, 6300 kubwa, na wanawake wengi tunahitaji ndogo ilhali madukani wanakupa ya kati kwa sababu ndiyo iliyopo. Jaribu kabla hujalipa: ziba katriji kwa viganja, vuta pumzi, mpira uvutike usoni na ubaki umevutika. Hewa ikiingia pembeni, siyo yako. Mwenye ndevu hewa itaingia tu. Kwa sisi wa mtandio, mpira ukae kwenye ngozi na mtandio ubaki nje ya ukingo, mikanda inaweza kupita juu ya kitambaa bila tatizo.

Kwenye katriji kuna jambo ambalo sijaona wauzaji wakilisema. Katriji za mvuke wa viyeyushi kwa viwango vya Ulaya zina mstari wa kahawia na herufi A. Hizo zimepimwa kwa vitu vinavyochemka juu ya nyuzi 65. Toluini imo, IPA imo, inachemka kwenye 82. Asetoni, kwa nyuzi zake 56, haimo. Yenyewe inataka katriji ya AX, na kwa kiwango hichohicho AX ni ya kutumia mara moja tu. Nani atanunua katriji mpya kila akiosha nozeli? Si mimi. Ndiyo sababu nyingine asetoni ikabaki na saba, na ndiyo sababu naitumia nje tu, kwa matone, kwenye kikombe chenye kifuniko, kamwe siipulizii kwenye eabrashi. Rudi tena kwa yule wa dumu: ndani ya thina yake asetoni ipo au haipo? Hajui, kwa hiyo hajui kama katriji aliyoilipia inamlinda. Katriji ukimaliza itie kwenye mfuko uliozibwa vizuri, ukiiacha wazi mezani inaendelea kunywa hewa ya chumba mpaka inashiba bila kukufanyia kazi.

Mahali pa kufanyia. Mvuke wa asetoni una uzito karibu mara mbili ya hewa, wa toluini mara tatu na kidogo. Haupandi darini, unatambaa sakafuni. Pangaboi haliutoi, linauzungusha. Nyumba zetu jioni zina moto sehemu ambazo mwandishi wa lebo Japani hakuzifikiria: dawa ya mbu inayofuka chini ya kitanda, chetezo cha udi, jiko la mkaa la jirani analokaangia mihogo kwenye uwa huohuo mnaochangia. Mimi naosha uwani kabla mama Zai hajawasha jiko, upepo ukitoka kwangu kwenda ukutani, na kompresa inabaki ndani, mpira wa hewa ndio unaotoka nje kupitia mlangoni, kwa sababu swichi ya kompresa inajiwasha na kujizima yenyewe na ina cheche. Simu inayochaji nayo haina kazi hapo.

Kiyeyushi kilichotumika hakimwagwi kwenye sinki wala kwenye mtaro. Ninakiacha kwenye chupa ya kioo yenye lebo, rangi inatua chini kwa siku kadhaa, cha juu kilicho safi nakichota kutumia kwa suuza ya kwanza ya safari nyingine. Kwa njia hiyo lita moja ya IPA inakaa muda mrefu kuliko utakavyoamini. Tope la chini nalikausha nje mbali na watoto, likiwa gumu ndipo linaingia kwenye taka.

Mwisho, wengi wameniuliza ile mashine ya mtetemo wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi, yenye beseni dogo la chuma. Inafanya kazi kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukitia nozeli na kofia zilizokwishaoshwa nusu. Usimwage kiyeyushi chochote kwenye beseni lake, linapata joto na chini yake kuna umeme. Naipa sita, siyo kwa ubaya. Kama una eabrashi moja, pesa hiyo nunua sindano na nozeli ya akiba, utarudi kazini ndani ya dakika mbili wakati ile iliyoziba inaloweka.